Malkia Mwenye Njaa na Kanga za Uhuru: Kujipenda Kunaishia Wapi?

Kama unadhani mambo ya kushinda na njaa ili shepu ikae sawa yalianza na simu janja, basi umechelewa kama miaka 150 hivi. Kabla ya filta, kabla ya selfie, kulikuwa na malkia mmoja wa Austria ambaye leo angekuwa na wafuasi wasiohesabika. Alizaliwa Bavaria mwaka 1837, akaolewa na mfalme mkuu wa Austria mwaka 1854 akiwa na miaka 16 tu, na Ulaya nzima ikamhesabu miongoni mwa warembo wakubwa wa enzi yake. Jina lake si hoja hapa. Hoja ni kwamba mama huyu, ambaye jikoni kwake hakukukosekana kitu, aliishi na njaa karibu maisha yake yote ya ukubwani. Na njaa hiyo alijipa mwenyewe.

Kwa watu wa Afrika Mashariki huyu si mgeni kabisa. Ziwa Turkana la Kenya kwa miaka mingi liliitwa Ziwa Rudolf, na Rudolf ni mwanawe. Jina hilo lilibandikwa mwaka 1888 na msafara ulioongozwa na bwana mmoja mkubwa wa Hungaria. Msafara wenyewe ulijipanga Zanzibar, ukaanza safari Pangani, na kati ya mizigo iliyokuwa mabegani mwa wapagazi kulikuwa na majora ya nguo iitwayo merikani. Hiyo merikani iweke akilini, itarudi baadaye.

Saa tatu za nywele, kila siku

Malkia alikuwa mrefu, sentimita 172. Uzito wake aliubana usizidi sana kilo 50, na alipanda mizani kila siku ya Mungu. Kiuno chake, kikishakazwa kwa koseti, kilikuwa karibu sentimita 50. Kiuno cha nyigu kweli kweli.

Nywele ndo usiseme. Zilishuka hadi miguuni, na kuzitengeneza kulichukua saa mbili hadi tatu kila siku. Siku ya kuziosha, kwa mchanganyiko wa mayai na konyaki, hakuna kazi nyingine iliyofanyika: siku nzima ilikwenda hivyo. Inasimuliwa kuwa msusi wake alikuwa anaficha nywele zilizong'oka kwenye kitana ili malkia asizione, maana akiziona siku inaharibika.

Mazoezi nayo hayakuwa ya mchezo. Ndani ya kasri la Vienna alitundikiwa pete za kubembea kama za wanasarakasi, na mpaka leo watalii wanakwenda kuziangalia. Alipanda farasi kwa saa nyingi. Alipotoka kutembea, alikwenda kasi na mbali kiasi kwamba wanawake wa kumsindikiza walikuwa wanaachwa hoi njiani.

Na chakula je? Kuna siku aliishi kwa maziwa tu. Kuna siku ni machungwa, au mayai. Nyama hakuitafuna: iliminywa kwenye mashine mpaka itoe maji yake, akanywa hayo maji. Aliposafiri, mifugo ya maziwa ilisafiri naye, hata kwenye meli.

Mpaka hapo mtu anaweza kusema, sawa, ni nidhamu. Anajijali. Tatizo ni kile kilichofuata. Alipoingia miaka ya thelathini alikataa kupigwa picha tena. Alikotokea hadharani alishika kipepeo au mwavuli kujificha uso, watu wasije wakaona kwamba anazeeka kama binadamu wengine. Na miaka ya mwanzoni mwa 1860 alifanya jambo ambalo kijana wa leo atalielewa haraka sana: aliagiza mabalozi wa Austria wamtumie picha za wanawake warembo kutoka miji mikubwa, akazikusanya kwenye albamu. Yaani mwanamke aliyesifiwa uzuri Ulaya nzima alikaa chumbani akiangalia picha za warembo wengine, moja baada ya moja. Tofauti ya albamu ile na simu yako ni kwamba yeye alisubiri barua, wewe unatelezesha kidole.

Kabla ya kumcheka

Ni rahisi kumwita mtu wa hivyo mjivuni na kumalizana naye. Lakini hebu angalia maisha yake. Aliingia kwenye kasri lenye sheria kwa kila hatua, akiwa bado binti mdogo. Watoto wake wa kwanza walichukuliwa na mama mkwe, ndiye aliyeamua walelewe vipi. Binti yake mkubwa alifariki mwaka 1857 akiwa na miaka miwili. Mwaka 1889, Rudolf, yule mwenye jina la ziwa, alijiua, na tangu hapo mama akavaa nyeusi.

Mtu aliyenyang'anywa usemi juu ya kila kitu alibaki na kitu kimoja anachoweza kukitawala: mwili wake. Akautawala kweli. Kisha ukamtawala yeye. Hapo ndipo kujipenda kulipogeuka. Uzuri ulikoma kuwa kitu chake, yeye akawa mlinzi wa uzuri, analala na kuamka zamu.

Miaka ya mwisho miguu ilianza kumvimba, na daktari aliyempima akaona ndani ya kasri dalili za mwili uliokosa lishe, kitu ambacho watu walikizoea kwa maskini. Septemba 1898, akiwa na miaka 60, alichomwa tupa kifuani na muuaji mjini Geneva alipokuwa anakwenda kupanda meli. Koseti ilikuwa imemkaza kiasi kwamba aliinuka, akatembea mpaka ndani ya meli, ndipo akaanguka.

Wakati huohuo, Zanzibar

Sasa geuka upande wa pili, kule ule msafara wa ziwa ulikojipangia. Aprili 1897, mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla ya kifo cha malkia, Sultani wa Zanzibar, kwa shinikizo la Waingereza, alitoa amri ya kufuta hadhi ya utumwa kisheria. Amri haikuwa kamili, masuria waliachwa nje mpaka 1909. Hata hivyo maelfu ya watu walianza kujiuliza swali jipya: mimi ni nani sasa?

Na jibu la kwanza wengi walilitoa kwa nguo.

Hapa ndo merikani inarudi. Ilikuwa nguo ngumu ya pamba isiyotiwa rangi, iliyoletwa na wafanyabiashara kutoka Marekani, hasa bandari ya Salem, Massachusetts. Bei yake ilikuwa ndogo, ndiyo maana ilikuwa nguo ya mtumwa. Ikichovywa rangi ya nili mpaka iwe nyeusi ikaitwa kaniki, na wanawake watumwa ndiyo waliyojifunga. Kofia, kilemba, ushungi wa kichwani, viatu: hayo yalikuwa mambo ya waungwana. Mtu ukimwona tu kwa mbali unajua ni wa nani na thamani yake ngapi.

Baada ya amri, kaniki ikaanza kuwekwa kando. Wanawake wakakimbilia kanga, nguo iliyokuwa inashika kasi miaka hiyo hiyo, iliyotokana na leso za mraba zilizounganishwa kwa kushonwa. Kanga ilikuwa na rangi, ina maua, na haikukaa miaka bila kubadilika: mtindo mpya ukiingia dukani, wa zamani unaonekana umechuja. Maneno yake tunayoyajua leo yalikuja baadaye kidogo, mwanzoni kwa herufi za Kiarabu. Wanaume nao wakavaa kanzu na kofia. Miaka iliyofuata wanawake wengi wakajitwalia na buibui.

Kwa jicho la bwana wa zamani, huyo ni mtumwa wa jana anayeringa. Kwa mwanamke mwenyewe, kufunika kichwa chake barabarani kulikuwa kusema kwa sauti bila kufungua mdomo: mimi ni mtu, nina heshima, sina mwenyewe. Ukilinganisha, malkia alivaa ili asionekane alivyo. Mwanamke huyu alivaa ili hatimaye aonekane.

Si kwamba Waswahili walikuwa malaika. Mombasa, vyama vya ngoma ya lelemama vilishindana kwa mavazi na karamu mpaka gharama zikawaelemea watu, kila upande ukitaka kumfunika mwenzake. Kwa hiyo mpaka kati ya kujiheshimu na kushindana ulikuwapo na ulivukwa, hata kwa kanga.

Binti wa Fumba

Mfano wa mtu aliyeujua mpaka huo ni mwimbaji mmoja aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, kwenye familia iliyotoka utumwani. Alianza kwa kubeba vyungu vya kuuza mjini. Mwaka 1911 akahamia mjini, akajifunza kuimba, na mwaka 1928 alikuwa Bombay anarekodi sahani za santuri, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Sahani zake zilipigwa mwambao wote.

Wenye wivu hawakukosa cha kusema. Walimcheka kwa asili yake na kwa sura yake, kwamba si mrembo. Leo tungeita maneno ya watu wa mitandaoni. Yeye hakujificha nyuma ya kipepeo. Aliendelea kujipamba, akapanda jukwaani, na akawajibu kwa wimbo uliosema wazi kwamba sura si hoja. Wote waliomcheka wamesahaulika, yeye hajasahaulika.

Chakula hakidanganyi

Turudi kwenye sahani sasa, maana hapo ndipo unapoweza kujua mtu anajipenda au anajitesa.

Pwani ya zamani ilikuwa na mfumo wake wa urembo, na chakula kilikuwa ndani yake. Mwali alipowekwa ndani kabla ya harusi alisingwa kwa singo na liwa, akafukizwa udi, na akalishwa vizuri. Mwili wa kujaa ulikuwa sifa, dalili kwamba nyumba ina neema. Fikiria watu ambao wazee wao walilima mikarafuu ya wengine na kuishi kwa muhogo wa vishamba vyao vidogo: kushiba kwao hakukuwa ulafi, kulikuwa ushahidi kwamba maisha yamebadilika. Ndiyo, na hilo nalo lina mwisho wake, na kisukari na presha vimewafundisha wengi kwamba kujaa bila kipimo si afya. Lakini msingi ulikuwa sahihi: mwili unapambwa kwa kulishwa kwanza.

Malkia alifanya kinyume, na mwili ulimjibu. Unywele umejengwa kwa protini. Mtu akijinyima chakula ghafla, mwili unafanya hesabu ya haraka: moyo, ubongo na figo kwanza, nywele baadaye. Ndiyo maana miezi miwili au mitatu baada ya kujinyima kwa nguvu, nywele zinaanza kutoka kwa mafungu. Madini ya chuma yakipungua, uso unakosa nuru na mtu anachoka hovyo. Protini ikikosekana sana, maji yanajikusanya na miguu inavimba. Kama ndivyo, basi huenda zile nywele za kwenye kitana zilizomliza malkia zilikuwa zinang'olewa na njaa yake mwenyewe. Alichokuwa anakilinda ndicho alichokuwa anakiharibu.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Mkakasi unang'aa kwa nje, ndani hauna uimara. Dada anayeshinda kwa chai kavu wiki nzima ili gauni la Jumamosi limkae, kaka anayemeza vidonge asivyovijua ili kifua kitoke haraka, wote wanapaka rangi mkakasi. Anayekula ugali wa kiasi na mboga zake, samaki, maharage, matunda ya msimu, akatembea, akalala, kisha akavaa akapendeza, huyo hana tofauti na yule mwanamke wa 1897 aliyejitanda kanga yake mpya. Anajiheshimu.

Kwa hiyo kupenda kupendeza si dhambi, na asikutishe mtu. Watu wametoka utumwani wakiwa wanajipamba. Swali la kujiuliza mbele ya kioo ni dogo tu: huu urembo unanihudumia mimi, au mimi ndiye ninayeuhudumia? Siku ukiona unaogopa kupigwa picha, unaogopa mizani, unaogopa na sahani ya wali uliopikiwa na mama yako, jua zamu imebadilika. Siku hiyo acha simu, kaa mezani na wenzako, ule.