Kaboni Dayoksaidi: Kutoka Soda Hadi Jiwe

Mwaka 1767, mjini Leeds, Uingereza, mchungaji Joseph Priestley alikuwa akiishi jirani na kiwanda cha bia. Kilichomvuta humo ni hewa nzito iliyotanda juu ya mapipa ya bia inayochachuka, hewa iliyozima moto wa mshumaa mara moja. Akaweka maji juu ya mapipa hayo mpaka yakaiingiza ile hewa, akayaonja, akayapenda. Mwaka 1772 alichapisha kijitabu cha kufundisha wengine jinsi ya kuyatengeneza. Hewa ile ni kaboni dayoksaidi, na ndiyo inayotoa povu kila tunapofungua soda.

Basi kuitumia gesi hii si jambo la jana. Kigeni ni sababu tunayopewa siku hizi, kwamba kuikamata na kuitumia kutapunguza joto la dunia. Kwa maoni yangu, kabla ya kumpongeza yeyote anayeikamata, aulizwe kwanza: ikishatumika, inakwenda wapi? Ya soda hurudi angani kabla chupa haijaisha.

Chukua yurea, mbolea ambayo wakulima wetu wa mahindi hukuzia. Wakemia wawili wa Ujerumani, Carl Bosch na Wilhelm Meiser, ndio walioanzisha njia ya kuitengeneza kiwandani mwaka 1922, kwa kuunganisha amonia na kaboni dayoksaidi chini ya mgandamizo mkubwa. Hadi leo hakuna kiwanda kinachotumia gesi hii kwa wingi kama cha yurea. Lakini punje zile zikishamwagwa shambani na kupata unyevu, huvunjika, mmea ukachukua naitrojeni na gesi ikarudi ilikotoka. Mkulima amefaidika, na ni haki yake. Anga halijapata nafuu.

Wa pili kwa matumizi ni wachimba mafuta. Mwaka 1972, katika eneo la SACROC huko Texas, Marekani, walianza kuisukuma gesi hii visimani ili itoe mafuta yaliyogoma kutoka. Sehemu kubwa ya gesi hubaki chini, hilo ni kweli. Ila mafuta yanayopatikana huchomwa, na moshi wake unajulikana unakokwenda.

Mabadiliko ya kweli yaliletwa na kodi. Norwei ilianza kutoza kodi ya kaboni mwaka 1991. Wakati huo kampuni ya Statoil ilikuwa ikijiandaa kuchimba gesi asilia ya Sleipner, katika Bahari ya Kaskazini, ambayo ilikuwa na kaboni dayoksaidi kama asilimia 9, ilhali wanunuzi hawakutaka izidi asilimia 2.5. Ilikuwa lazima itenganishwe. Kuiachia angani kungekuwa na bili kila mwaka, kwa hiyo tangu 1996 ikafukiwa kwenye mchanga wa Utsira, yapata mita elfu moja chini ya bahari, kwa miaka mingi karibu tani milioni moja kila mwaka. Gesi asilia iliyouzwa ilichomwa kama kawaida, na hilo lisisahauliwe. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza gesi hii ilizikwa kwa wingi kwa ajili ya kulinda hewa.

Iceland wakaenda mbali zaidi. Mwaka 2012, karibu na mitambo ya jotoardhi ya Hellisheiði, watafiti wa mradi wa CarbFix waliiyeyusha gesi ndani ya maji, wakayasukuma kwenye miamba myeusi ya basalti. Maji hayo makali huyeyusha mwamba na kutoa kalsiamu, kalsiamu ikashikana na kaboni, jiwe jeupe likazaliwa. Wengi walidhani kazi hiyo ingechukua mamia ya miaka. Kumbe baada ya mwaka na nusu hivi pampu ya kisima cha uchunguzi ilikwama, na ilipotolewa ilikuwa imeganda kalsaiti kila upande. Mwaka 2016 walitangaza kwamba zaidi ya asilimia 95 ya gesi waliyoingiza ilikuwa jiwe tayari, ndani ya miaka miwili tu.

Hilo ndilo linalonipa tumaini, maana jiwe halivuji. Lakini kiasi bado ni kidogo mno. Mtambo wa Orca, uliozinduliwa hapohapo mwaka 2021 kunyonya gesi moja kwa moja angani, ulikusudiwa kunyonya tani 4,000 kwa mwaka, wakati dunia hutoa zaidi ya tani bilioni 35 kutokana na nishati na viwanda. Anayezitumia tani hizo chache kama kisingizio cha kuendelea kuchoma makaa ya mawe anatudanganya.

Kwetu, Bonde la Ufa lina jotoardhi na basalti pia, na kampuni changa ya Kenya, Octavia Carbon, imechagua Gilgil kujaribu kazi hii. Jambo moja litazamwe mapema: kwa njia ya Iceland, kila tani ya gesi huhitaji takriban tani 25 za maji. Iceland ina maji ya kumwaga. Gilgil, mfugaji na mkulima tayari wanayagombania, na hesabu hiyo ifanywe wakiwa mezani kabla kisima cha kwanza hakijachimbwa kwa ukubwa wa kibiashara.