Dún Chaoin, kijiji kilichokataa kufungiwa shule

Wageni wengi wanaofika Dún Chaoin hukimbilia gatini. Njia nyembamba ya saruji inateremka ukingo wa genge kwa kupindapinda mpaka majini. Mashua za kienyeji, ziitwazo naomhóg, hulazwa kifudifudi juu ya vigingi. Ukiisogelea moja utashangaa wepesi wake: mbavu za fito, turubai lililopakwa lami juu yake, basi. Wanaume wachache huibeba mabegani na kuishusha majini. Kwa chombo hicho watu walivusha unga, barua, maiti wao, hata ng'ombe aliyefungwa miguu yote, katika mlangobahari uleule ulioimeza meli ya kivita ya Hispania, Santa María de la Rosa, mwaka 1588.

Kijiji kiko mwisho wa rasi ya Corca Dhuibhne, kaunti ya Kerry, kusini magharibi mwa Ayalandi. Kimo ndani ya Gaeltacht, yaani maeneo ambayo serikali inayatambua kuwa ya wasemaji wa Kiayalandi. Mbele yake, umbali wa kilomita 2 hivi, kuna kisiwa cha Blascaod Mór, ambacho vitabu vyake vimesomwa dunia nzima. Kisiwa ndicho kinachopigwa picha. Mimi naona kwamba kiini cha historia ya hapa kiko nchi kavu, katika shule ndogo ya msingi ya kijiji.

Shule za aina hiyo zilianzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1831, na masomo yalikuwa kwa Kiingereza. Mtoto asiyejua Kiingereza hata neno moja alifundishwa kusoma kwa lugha hiyohiyo. Sehemu nyingi alivishwa kijiti shingoni, kikachanjwa alama kila aliponaswa akisema lugha ya kwao, kisha akachapwa kwa hesabu ya alama zile. Waliomsoma Ngũgĩ wa Thiong'o wanakikumbuka kibati alichovishwa mwanafunzi wa Kenya kwa kosa hilohilo, chini ya dola hiyohiyo. Halafu ikaja njaa kuu iliyoanza mwaka 1845. Watu wapatao milioni 1 walikufa na wengine milioni 1 wakahama, na pigo zito liliwaangukia maskini wa magharibi, ndio hasa waliosema Kiayalandi. Mzazi aliyebaki alijua kwamba mwanawe naye atapanda meli ya Marekani, na Marekani pasipo Kiingereza hapakuwa na kazi. Sina moyo wa kumlaumu.

Mwishoni mwa karne ya 19 shule ya Dún Chaoin ilianza kufundisha Kiayalandi. Hapo ndipo anapoingia Tomás Ó Criomhthain, mvuvi wa Blascaod Mór aliyesomeshwa kwa Kiingereza na ambaye hakuwahi kusoma lugha yake mwenyewe kwenye karatasi. Bahari ikichafuka akiwa nchi kavu, alilazimika kulala Dún Chaoin hadi itulie. Watoto wa nyumba aliyofikia walikuwa wakimsomea hadithi za Kiayalandi kutoka vitabu vya shule. Zilimkolea, akaomba kitabu, akajifunza mwenyewe akiwa mtu mzima. Kitabu chake cha maisha ya kisiwani, An tOileánach, kilitoka mwaka 1929, na hadi leo ni nguzo ya fasihi ya Kiayalandi. Watoto wale ndio waliomfungulia mlango.

Peig Sayers naye alizaliwa Dún Chaoin, mwaka 1873. Alifanya kazi za ndani mjini, akaingojea nauli ya Marekani ambayo haikufika, akaolewa kisiwani mwaka 1892. Kuandika Kiayalandi hakujua. Maisha yake aliyasimulia, mwanawe akayaandika, na kitabu kikachapwa mwaka 1936. Hadithi za kale alizokuwa nazo kichwani zilikuwa mamia. Aliyezinakili nyingi kwa niaba ya Tume ya Simulizi za Jadi ni Seosamh Ó Dálaigh, kijana wa hapohapo Dún Chaoin, ambaye baba yake alikuwa mwalimu wa shule ileile.

Wataalamu nao walikuja kujifunza lugha: Carl Marstrander kutoka Norwei mwaka 1907, kisha Robin Flower na George Thomson kutoka Uingereza. Wao wakija, vijana walikuwa wakiondoka, wengi wao kwenda Springfield, Massachusetts. Kisiwa kilichokuwa na watu 176 mwaka 1916 kilibaki na 22 tu ilipofika Novemba 17, 1953, siku ya kuhamishwa kwao. Miaka michache nyuma kijana mmoja alifia huko kwa homa ya uti wa mgongo, dhoruba ikiwazuia watu kumfuata daktari. Baada ya msiba huo hakuna aliyekuwa na hoja ya kubaki. Walipewa nyumba Dún Chaoin, na kutoka mlangoni wakawa wanakitazama kwao.

Kwa hiyo mwaka 1970, serikali ilipoamua kuifunga shule ya Dún Chaoin kwa sababu ya uchache wa wanafunzi, wenyeji walilijua jambo hilo linaishia wapi. Mpango ulikuwa watoto wapelekwe kwa basi hadi kijiji cha jirani, Baile an Fheirtéaraigh. Serikali yenyewe ilikuwa ya Ayalandi huru, ambayo katiba yake ya mwaka 1937 inataja Kiayalandi kuwa lugha rasmi ya kwanza. Wakati huohuo watu wa sinema walikuwa wamejenga kijiji cha kuigiza mlimani, pamoja na nyumba ya shule, kwa ajili ya filamu ya David Lean, Ryan's Daughter. Magofu ya shule hiyo ya bandia bado yapo, na wageni huyaendea.

Wazazi walikataa. Waliendelea kuwapeleka watoto katika jengo lilelile, wakafundishwa na watu wa kujitolea, huku maandamano yakifanyika. Hawakuwa peke yao: huko Conamara vijana wa Gaeltacht walikuwa wamerusha redio isiyo na kibali, wakidai kusikika kwa lugha yao, na mwaka 1972 serikali ikafungua Raidió na Gaeltachta. Mwaka uliofuata, serikali mpya ilipoingia madarakani, shule ya Dún Chaoin ilifunguliwa tena. Miaka 3 mizima kijiji cha wavuvi na wakulima kilibeba mzigo ambao dola iliutua, na hilo lastahili kuelezwa kwa kila mgeni kabla hajapelekwa gatini.

Tangu mwaka 1993 kijiji kina Ionad an Bhlascaoid, jumba la kumbukumbu ya kisiwa, na majira ya joto boti huwavusha watalii. Biashara hiyo inalisha familia, nami naiheshimu. Lakini sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 20,261 tu wanaosema Kiayalandi kila siku nje ya masomo katika Gaeltacht yote, yenye wakazi wapatao 106,000. Na siku hizi tatizo kubwa ni nyumba. Nyingi za pwani ni za likizo, hufungwa kipindi chote cha baridi, na bei zake zimewashinda vijana waliozaliwa hapo. Kijana asiyepata pa kukaa huhama, na watoto atakaowazaa huandikishwa shule ya mjini.