Vipimo vya maabara vya malaria kali

Vipimo vya maabara vya malaria kali ni vipimo vya damu vinavyotumika kumtambua mgonjwa ambaye malaria imeanza kudhuru viungo vyake au kuhatarisha uhai wake. Nchini Tanzania historia yake inahusiana na Ifakara, mji wa bonde la Kilombero katika mkoa wa Morogoro. Mwaka 1957 Rudolf Geigy kutoka Basel, Uswisi, alianzisha huko maabara ndogo ya utafiti ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Jirani yake iko Hospitali ya Mtakatifu Fransisko.

Kuhesabu vimelea

Katika tone nene la damu mtaalamu huhesabu vimelea kwa hadubini mpaka afikishe chembe nyeupe 200, kisha huzidisha idadi hiyo kwa 40, kwa kukadiria kwamba kila mikrolita ya damu ina chembe nyeupe 8,000. Vimelea 50 vilivyoonekana ni sawa na 2,000 kwa mikrolita. Ni makadirio: mtoto ambaye chembe zake nyeupe zimeongezeka huonekana ana vimelea vichache kuliko alivyo navyo.

Kuona vimelea hakutoshi. Penye maambukizi mengi mtu huweza kuwa navyo bila kuugua, na mtoto mwenye homa na vimelea vichache huenda anaumwa nimonia au homa ya uti wa mgongo. Kipimo cha haraka nacho huweza kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, hivyo hakifai kuangalia kama dawa imefanya kazi.

Viwango vya hatari

Sukari ya damu ikishuka chini ya milimoli 2.2 kwa lita, mgonjwa huweza kupata degedege na kupoteza fahamu, akafanana kabisa na mwenye malaria ya ubongo. Tofauti ni kwamba hali hii hurekebishwa kwa glukosi, tena upesi, ndiyo maana sukari hupimwa kwanza. Kwinini, iliyotumika miaka mingi, huweza kuishusha zaidi kwa kuongeza insulini.

Shirika la Afya Duniani huhesabu pia kuwa malaria kali: hemoglobini chini ya gramu 5 kwa desilita kwa watoto wa chini ya miaka 12 (7 kwa watu wazima), kreatinini zaidi ya mikromoli 265 kwa lita, ambayo huonyesha figo kushindwa kazi, na lakteti ya milimoli 5 kwa lita au zaidi.

Upungufu wa damu

Utafiti wa Ifakara uliochapishwa mwaka 2001 uliwapa watoto wachanga dawa ya sulfadoksini-pirimethamini walipoletwa kwenye chanjo. Malaria ilipungua kwa 59% na upungufu mkubwa wa damu kwa 50%. Msomaji asichanganye: hapo "upungufu mkubwa" ulimaanisha hematokriti chini ya 25%, kiwango kilicho juu zaidi ya kile cha malaria kali, ambacho ni takriban 15%.

Baada ya tiba ya artesunate ya sindano, chembe nyekundu huweza kuvunjika tena wiki moja hadi nne baadaye. Kwa hiyo hemoglobini hupimwa upya, kwa kawaida karibu siku ya 14, hata kama mtoto anaonekana amepona.