Safari Rally ina deni na Nyeri

Kila mwaka Safari Rally ikikaribia, simu yangu inajaa Naivasha. Vumbi, nyama choma, Subaru zinapasua masikio usiku kucha. Sawa, furahieni. Lakini watu wa Nyeri tuna deni kwenye hiyo stori na sioni mtu akilidai.

Rally yenyewe ilianza Mei 1953 ikiitwa Coronation Safari, yaani ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Sasa jiulize, huyo Elizabeth alipata umalkia akiwa wapi? Hapa kwetu. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952 alikuwa Treetops, ile hoteli ya juu ya mti kwenye msitu wa Aberdare, akitazama wanyama wakija kunywa maji. Usiku huohuo babake akafariki Uingereza. Habari ilimpata akiwa Sagana Lodge, hapa hapa Nyeri.

Mwenye wazo la rally alikuwa Mzungu anaitwa Eric Cecil. Inasemekana binamu yake, Neil Vincent, alimwambia waende wakashindane Langa Langa, uwanja wa mbio kule Bonde la Ufa, akakataa. Kuzunguka-zunguka mahali pamoja hakukumwingia. Grand Prix za Ulaya kabla ya vita zilikuwa hivyo, mizunguko ileile mpaka basi, huku Mercedes na Auto Union zikipata pesa za serikali ya Hitler. Cecil alitaka mtu aingie kwenye gari, afunge mlango, avuke nchi, na wa kwanza kufika nyumbani ndiye mshindi. Wakaanzia Nairobi, Kampala na Morogoro. Magari yaligawanywa kwa bei ya dukani, si kwa ukubwa wa injini. Hiyo nakubali, ni akili. Gari la mwalimu halikulazimika kupigana na la tajiri.

Lakini ngoja kidogo. Mei 1953 Nyeri ilikuwaje?

Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952. Dedan Kimathi wa Tetu alikuwa Aberdare, Waruhiu Itote, yaani General China, alikuwa upande wa Mlima Kenya. Wakati madereva wanavuka nchi tatu kwa raha zao, Mkikuyu aliyetaka kutoka Nyeri kwenda Nairobi katika miaka hiyo alihitaji karatasi ya ruhusa, na bila hiyo alijua mwenyewe atakapolala. Mwaka uliofuata, Mei 1954, Treetops ikachomwa na Mau Mau. Baada ya hapo watu wakahamishwa kwa nguvu kwenye vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miiba. Cucu na guka wa watu wengi hapa walikulia humo.

Ukisoma historia za rally utapata Volkswagen, matope na ujasiri. Hizi zingine zinawekwa kitabu tofauti, kama vile zilitokea nchi nyingine.

Sisemi tuichukie rally. Mimi mwenyewe ni shabiki sugu. Na haikubaki ya walowezi: Joginder Singh, fundi wa kutoka Kericho, aliishinda 1965 na Volvo iliyokuwa imeshatumika, akashinda tena 1974 na 1976. Patrick Njiru akamaliza wa nne 1994 na Subaru, na nadhani nusu ya Subaru za mlimani zimenunuliwa kwa sababu yake. Enzi hizo rally ilizunguka Mlima Kenya na watu wakasimama kando ya barabara tangu alfajiri kungoja gari lipite sekunde tano.

Iliporudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, ikakaa Naivasha. Kiuchumi naelewa, hoteli ziko na wageni wanafika haraka. Lakini wale wanaosimulia historia kwenye TV, mkianza na Elizabeth juu ya mti, msirukie moja kwa moja Volkswagen. Semeni pia nani alikuwa chini ya huo mti, na kwa nini mwaka mmoja baada ya rally ya kwanza aliuchoma.