Ada ya muziki kwa wateja wa intaneti

Ada ya muziki ni kiasi kidogo kinachopendekezwa kuongezwa kwenye malipo ya kila mteja wa intaneti, ili fedha hizo wagawiwe watunzi, waimbaji na watayarishaji ambao nyimbo zao hupakuliwa bure. Aliyelipa hashitakiwi kwa kupakua. Mwaka 2007 chama cha watunzi wa nyimbo nchini Kanada kilipendekeza dola 5 kwa mwezi kwa kila mteja. Kabla ya hapo, Desemba 2005, Bunge la Ufaransa lilipitisha wazo linalofanana na hilo, kisha likalifuta mwaka uliofuata.

Mzizi wa ada hii ni tozo ya vifaa, ambayo Ujerumani Magharibi iliianza mwaka 1965 kwenye mashine za kurekodia. Tanzania imefuata njia hiyo ya zamani. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA), bajeti ya 2022/23 ilileta tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vya kurekodia na kunakilia kazi za sanaa. Tozo hiyo haikugusa bando.

Kama Tanzania ingejaribu ada ya intaneti, Bonde la Kilombero linaonyesha ugumu wake waziwazi kuliko mijini. Katika mji wa Ifakara, wimbo mpya huingia kwa bando la mtu mmoja. Baada ya hapo husafiri bila intaneti. Kibandani kijana mwenye kompyuta hufungua mafolda ya singeli, bongofleva, taarabu na injili, mteja anachagua, nyimbo zinaingizwa kwenye flashi au memori kadi, na hela inabaki kwa mwenye kibanda. Kadi hiyo inapanda treni ya TAZARA kwenda Mlimba, au inavuka mto kwenda Ulanga, ichomekwe kwenye redio ndogo wakati wa kuvuna mpunga. Wasikilizaji wengi wa wimbo huo hawajanunua bando lolote. Ada ingemwangukia yule mmoja aliyepakua, na angekuwa anawalipia wenzake wote.

Kukusanya ada yenyewe si kazi ngumu. Mwaka 2021 Serikali ya Tanzania ilianza kutoza laini za simu kulingana na salio analoongeza mtu, na makampuni ya simu yalimudu. Wananchi ndio waliolalamika. Uganda nayo ilitoza shilingi 200 za Uganda kwa siku kwa mitandao ya kijamii kuanzia 2018. Wengi waliikwepa kwa programu za VPN, na mwaka 2021 ikabadilishwa kuwa asilimia 12 kwenye bando. Fedha hizo zote zilikwenda serikalini, si kwa wanamuziki, kwa hiyo mwananchi ana haki ya kuuliza mapema ada mpya itaishia mfukoni mwa nani.

Swali hilo la mgawo ndilo zito. Mgawo ukifuata orodha za redio na majukwaa ya mtandaoni, msanii wa Dar es Salaam atapata chake, lakini kikundi cha ngoma cha Wandamba au Wapogoro kinachosikika kwenye flashi tu hakitahesabiwa kabisa. Huo ungekuwa uonevu, maana nao wananakiliwa bila kulipwa.

Mwanasheria wa Marekani William Fisher, katika kitabu chake cha mwaka 2004, alipendekeza usikilizaji upimwe kwa sampuli. Huku bondeni sampuli ingebidi ichukuliwe vibandani na kwenye kadi za wakulima, kwa sababu kumbukumbu za kampuni ya simu zinaishia kwa aliyepakua.