Fimbo ya Mbali

Watu wengi wa rika langu, wakisikia habari za kompyuta, hustaajabia kasi yake ya kuhesabu. Lakini anayefuatilia historia ya mitambo hiyo kwa utulivu ataona jambo asilolitarajia: kwa miaka mingi kilichowahangaisha mafundi si kuhesabu, bali ni kukumbuka. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hiyo inakieleza kisa hiki vizuri kuliko maneno mengi ya wataalamu.

Mwaka 1943, huko Marekani, Warren McCulloch na Walter Pitts waliandika makala iliyoonyesha kwamba neva za ubongo zaweza kuelezwa kama vijisehemu vya mantiki, vya ndiyo na hapana. Juni 1945 mwanahisabati John von Neumann akaandika ripoti juu ya kompyuta iliyoitwa EDVAC. Aliazima lugha ya wale wawili. Alizungumzia neva na viungo, na sehemu moja ya mtambo akaiita kumbukumbu. Hapo pana kinaya. Pamoja na kuazima maneno ya ubongo, mpango wake uliweka kumbukumbu upande mmoja na hesabu upande wa pili. Ubongo haukuumbwa hivyo. Tuliyojifunza yamo katika maungio yale yale ya neva yanayofanya kazi ya kufikiri.

Walimu wenzangu watanielewa nikitoa mfano wa shule. Chukulia kwamba vitabu vyote vimefungiwa katika stoo moja yenye mlango mwembamba, mwisho wa uwanja. Kila mwanafunzi akitaka kusoma sentensi moja, hana budi kumtuma mtu stoo. Hata awe hodari namna gani, atashinda amekaa akimngoja aliyetumwa.

Alikuwapo aliyejaribu njia nyingine. Frank Rosenblatt, aliyefanya kazi Buffalo katika jimbo la New York, alijenga mtambo ulioitwa Mark I Perceptron na kuonyeshwa hadharani mwaka 1960. Ulikuwa na macho ya umeme 400 ya kutazamia picha. Kile ulichojifunza ulikiweka katika vifaa vinavyofanana na vile vya kuongezea na kupunguzia sauti ya redio, vilivyozungushwa na mota ndogo ndogo. Kila kimoja kilikuwa kumbukumbu, na hapo hapo kilifanya hesabu, maana umeme uliopita ndani yake ulipunguzwa kwa kiasi ambacho mtambo ulikuwa umejifunza. Hakuna aliyetumwa stoo.

Njia hiyo haikuota mizizi. Vifaa vyake vilikuwa vikubwa, vizito na vya taratibu. Mwaka 1969 kitabu cha Marvin Minsky na Seymour Papert kilidhihirisha mipaka ya mitambo ya namna hiyo, na Rosenblatt mwenyewe alifariki mwaka 1971 katika ajali ya mashua. Wakati huo huo, kumbukumbu ya mbali ilizidi kuwa rahisi. Mwaka 1966 Robert Dennard wa IBM alibuni njia ya kuhifadhi ndiyo au hapana moja kwa transista moja na kapasita moja tu. Kapasita hiyo ni kama mtungi uliotoboka. Umeme huvuja, hata ikalazimu kuujaza upya mara kadhaa kila sekunde. Hata hivyo mitungi hiyo ilikuwa midogo na ya bei nafuu, nayo ikaenea duniani kote.

Maonyo hayakukosekana. John Backus, katika mhadhara wake wa mwaka 1977, aliifananisha njia iliyopo kati ya kumbukumbu na hesabu na shingo ya chupa. Mwaka 1995 William Wulf na Sally McKee wakaandika kwamba kompyuta zinauelekea ukuta wa kumbukumbu.

Mitandao ya neva iliporudi kwa kishindo, ukuta ulionekana wazi. Mtandao uliotengenezwa Toronto mwaka 2012 ili kutambua picha ulikuwa na namba zipatazo milioni 60 za kukumbukwa. Ule wa lugha ulioitwa GPT-3, wa mwaka 2020, ulikuwa na bilioni 175, na namba zote hizo hazina budi kupitiwa kwa kila neno jipya linalotungwa. Mwaka 2014 Mark Horowitz wa Chuo Kikuu cha Stanford alionyesha kwamba kuichota namba moja kutoka kumbukumbu ya nje ya chipu hula umeme zaidi ya mara 100 kuliko kuizidisha. Ndiyo kusema, gharama kubwa ni ya safari.

Mafundi wakashika njia nne. Ya kwanza ni kuisogeza stoo: chipu za kumbukumbu hupangwa moja juu ya nyingine kama ghorofa, kando kabisa ya chipu ya hesabu, na mlango ukapanuliwa kuwa wa nyaya 1,024. Ya pili ni kukitumia sana kilichokwisha kuchotwa. Chipu ambayo Google ilianza kuitumia mwaka 2015 ilikuwa na vizidishio 65,536 vilivyopokezana namba mkono kwa mkono. Hata hivyo, katika kazi sita ilizopimwa nazo, nne bado zilikwamishwa na kumbukumbu. Ya tatu ni kufupisha namba zenyewe, tarakimu 32 za ndiyo na hapana zikawa 8, hata 4. Ya nne, ambayo maabara nyingi zinaishughulikia, ni kufanya hesabu ndani ya kumbukumbu yenyewe. Hiyo ni njia ya Rosenblatt, iliyorudi ikiwa na vifaa vidogo mno.

Kwa nini mwalimu mstaafu ajishughulishe na haya? Kwa sababu siku hizi wazazi huniuliza ya nini mtoto kukariri jedwali la kuzidisha, ilhali simu inajua. Swali lao si la kipuuzi. Katika vyuo vya ualimu tulipiga vita kukariri kwa kasuku, na vita ile ilikuwa ya haki. Lakini waliojenga mitambo iliyofikiriwa kwa mfano wa ubongo wametumia miaka mingi na fedha nyingi kupunguza mwendo kati ya kujua na kufikiri. Lingekuwa jambo la ajabu sisi tuurefushe mwendo huo katika vichwa vya watoto wetu. Mtoto anayetafuta hesabu ya magunia, naye kila hatua anakwenda kuuliza saba mara nane, husahau alikuwa akitafuta nini.

Kile kifaa cha Rosenblatt hakikuwa ghala. Kilikumbuka kwa kufanya kazi. Jedwali nalo lifundishwe hivyo, mtoto akilitumia sokoni na shambani tangu siku anapolijifunza, ili limkae karibu.