Kenya na Ndege Zisizo na Rubani

Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaotawala safari za anga ulimwenguni, ulikwisha kutamka katika kifungu chake cha 8 kwamba ndege iwezayo kuruka bila rubani isipite juu ya nchi mwanachama pasipo idhini maalumu ya nchi hiyo. Enzi hizo chombo cha namna hiyo kilikuwa silaha ya madola makubwa. Nani angedhani kwamba siku moja mpiga picha za arusi angekibeba mkobani?

Nchini Kenya mambo yalianza kwa kuzuia. Mwaka 2014 hifadhi ya Ol Pejeta, huko Laikipia, ilitaka kuvitumia vyombo hivyo dhidi ya majangili wa vifaru, serikali ikakataa. Januari 2015 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ikatangaza kwamba asiruke mtu bila kibali chake, nacho kisitolewe kabla Wizara ya Ulinzi haijaridhia. Tahadhari hiyo yaeleweka, kwani shambulio la Westgate la Septemba 2013 lilikuwa bado bichi. Hata hivyo, katazo lisilo na utaratibu humlemea askari kuliko mhalifu: mlinzi aliyekiona chombo juu ya kambi hakuwa na daftari la kumwambia ni cha nani. Wakati huohuo jirani Rwanda, tangu Oktoba 2016, ilikuwa ikipeleka damu hospitalini kwa ndege hizo kutoka Muhanga.

Kanuni zilizotungwa Kenya mwaka 2017 zilikataliwa na Bunge mwaka uliofuata. Nyingine zikatoka Machi 2020. Hizo zilitaka chombo kisajiliwe, mwenyewe awe ametimiza miaka 18, kisipande zaidi ya futi 400 bila ruhusa, na safari zigawanywe kwa kadiri ya hatari yake: ndogo, ya kati na kubwa. Hata kukiingiza nchini kulihitaji kibali, na watalii kadhaa wamelijua hilo mbele ya maofisa wa forodha.

Kwa polisi, faida kubwa ilikuwa usajili, wala si kipimo cha urefu. Nani awezaye kupima futi 400 kwa macho akiwa lindoni? Chombo chenye namba kikiokotwa, mwenyewe hutafutwa. Kisicho na namba, kikiwa bado hewani usiku karibu na ghala la silaha, hubaki shauri la mwenye zamu.